Chumba cha Upatanishi na Mwili Uliojeruhiwa

Mtu aliyeshambuliwa, au aliyeshuhudia mwenziwe akiuawa, aweza kubaki na jeraha lisiloonekana, nalo huitwa kiwewe. Makao yake si katika mawazo peke yake. Mlango ukibamizwa nyuma yake, moyo huenda mbio, adrenalini humiminika katika damu na misuli hukaza. Na hayo yote hutukia kabla mwenyewe hajatambua kuwa ni upepo tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika ofisi za haki rejeshi, yaani haki inayomkutanisha mkosaji na aliyekosewa ili wazungumze juu ya madhara yaliyotendeka na namna ya kuyarekebisha. Mtu ambaye mwili wake u tayari kukimbia hawezi kusikiliza vyema, na akitoka huenda asirudi tena. Kwa hiyo chumba chenyewe ni sehemu ya kazi.

Sauti ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alianza uchunguzi wake mwaka 1895, akihamisha matakia ya viti vya ukumbi wa jirani usiku ili apime jinsi yanavyofyonza sauti. Kanuni yake ni hii: muda wa mvumo kwa sekunde ni 0.16 mara ujazo wa chumba, kugawanya kwa eneo la ufyonzaji. Chukua chumba kitupu chenye urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3. Ujazo ni mita za ujazo 90; nyuso zote pamoja ni mita za mraba 126. Iwapo lipu na vigae vyafyonza asilimia 3 tu ya sauti, eneo la ufyonzaji ni 3.78, na mvumo hudumu karibu sekunde 3.8. Hapo maneno hupandana, na kiti kikiburutwa mtu hushtuka. Zulia, mapazia na matakia yakiongeza eneo hilo kwa 20, mvumo hushuka hadi sekunde 0.6.

Dirisha nalo lina ushahidi wake. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa katika hospitali moja ya Pennsylvania: walioona miti walitoka mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioona ukuta wa matofali. Ushahidi wa rangi ni hafifu zaidi. Rangi ya waridi iliyosifiwa mwaka 1979 kuwa hutuliza wafungwa, ilipojaribiwa katika gereza la Uswisi, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2015, haikuonyesha nguvu hiyo.

Mjini Oakland, California, mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha Restore Oakland, kilichosanifiwa na Deanna Van Buren na wenzake kwa shughuli zikiwemo za haki rejeshi. Katika vyumba vya namna hii viti hupangwa duara, bila meza ya hakimu. (Kiswahili huliita baraza kiti cha mbele ya nyumba na pia mkutano wenyewe.) Kila mmoja aone mlango, na aliyekosewa asilazimike kumpita mkosaji ili atoke. Wafanyakazi pia, ambao husikiliza masimulizi hayo kila siku, wahitaji chumba chao cha kupumzikia. Hicho kisisahauliwe fedha zinapopungua.

Wanafunzi waweza kuanza na darasa lao. Lipimeni likiwa tupu, kadirieni ufyonzaji wa kila uso, kokotoeni mvumo. Kisha pigeni kofi moja na kusikiliza.