Shemeji Kang'oa Boksi la Filta

*Nafundisha Muleba na nina Subaru Forester ya turbo. Shemeji yangu, fundi wa Bukoba, alinishawishi ang'oe boksi la filta ya hewa, akafunga filta ya koni na bomba pana alilolikata kwenye plastiki ya bomba la maji. Tangu hapo gari linavuma kweli, lakini sailensa inapanda na kushuka, taa ya injini haizimi, na mlima wa Kamachumu umeanza kunishinda. Mke wangu ananisihi nisimkosoe kaka yake. Nifanyeje? – Mwalimu, Muleba*

Pole sana, Mwalimu, waitu. Jambo la kwanza ni la leo hii: usilikanyagie mafuta gari hilo, na mlimani usiende nalo kabisa hadi umalize kusoma hapa na kutengeneza.

Forester yako ina sensa ya kupima hewa, yenye uzi mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kontroli boksi hukadiria mafuta kutokana na kupoa huko. Hesabu yake imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Shemeji alipoihamishia sensa kwenye bomba pana zaidi, hewa ileile ikawa inapita polepole, uzi haupoi inavyotakiwa, na kontroli boksi inadhani hewa ni kidogo, basi inapunguza mafuta. Turbo ikianza kushindilia, injini inachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko mafuta, joto linapanda na injini inaanza kugonga. Kama injini yako ni EJ20, haina uvumilivu na hali hiyo. Pistoni hukatika pale ringi zinapokaa, na hapo unazungumzia injini nzima.

Halafu kuna vumbi, na hili ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yako. Ukiacha lami ya barabara kuu ukaingia vijijini wakati wa kiangazi, unaijua hali ya hewa unayovuta wewe mwenyewe. Mapanga ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Chembe za mchanga zikiyafikia huyala kingo kidogo kidogo, kisha zinaingia kwenye silinda na kukwangua. Plastiki ya bomba la maji hulainika ikikaa karibu na turbo, klampu inalegea, na vumbi linapita pembeni bila kuiona filta. Fanya hivi: injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua bomba baada ya filta, funga kitambaa cheupe kidoleni, pangusa ndani. Kikitoka na wekundu wa udongo wa Muleba, filta hiyo haikulindi.

Najua mlio wa koni unavutia. Lakini koni iliyo wazi chini ya boneti inavuta hewa ya moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta, ilhali boksi la kiwandani huchota hewa ya nje kule mbele. Na lile tundu juu ya boneti, ambalo wengi huamini linalisha injini, kazi yake ni kupoza intakula tu, kile kipozea hewa ya turbo. Kumbuka pia kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa kwetu ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya nane kuliko Dar es Salaam, na Kamachumu linapungua zaidi. Turbo yako tayari inafanya kazi ya ziada. Usiipe na hewa ya moto.

Rudisha boksi la zamani na filta mpya bapa ya karatasi. Kama limeshauzwa, tafuta la mtumba la modeli yako, na hakikisha mpira wa kifuniko ni mzima. Kagua pia hozi nene ya mpira inayoingia kwenye turbo, kwa upande wa chini. Hupasuka kwa uzee, na huenda nayo inakuibia nguvu.

Ukitaka kweli kujua kama boksi linabana, pima. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji ya rangi, unganisha ncha moja kwenye bomba kabla ya turbo, nyingine iache wazi. Mwenzako asome wakati gari linavuta kwa nguvu. Tofauti ya sentimita 10 za maji ni kama kilopaskali 1, na hewa yetu ina takriban 88. Tofauti ikiwa ndogo, hakuna nguvu ya kununua pale.

Ikithibitika linabana, ndipo mchonge bomba jipya: aluminiamu, sehemu ya sensa iwe na upana wa ndani uleule wa zamani, bomba linyooke kabla ya sensa, koni ifungiwe ndani ya boksi lake. Mdomo uwe juu. Bukoba mvua ikikoroma na Mto Kanoni ukafurika, mdomo ulioshushwa chini ya bampa utavuta maji, na maji hayashindiliki. Kinachopinda ni konrodi.

Kuhusu shemeji, mkeo ana haki ya kuogopa, lakini kunyamaza kutamharibia kaka yake jina zaidi siku injini itakapokufa mikononi mwake. Nenda peke yako, jioni, wateja wameondoka. Mshukuru kwa kazi. Kisha mpe kitambaa cheupe apanguse yeye mwenyewe, na mwombe ndiye arudishe boksi, kwa malipo yake kamili.