Mji Mtakatifu katika Vitabu vya Manasara wa Kwanza

 

Hapana mtu wa pwani hii aliyesoma chuoni ila analijua jina la Baitul Mukaddas. Hulisikia tangu udogo wake katika kisa cha Miraji kinaposomwa usiku wa 27 Rajabu, naye anajua ya kuwa huko ndiko alikopelekwa Mtume (s.a.w.) usiku, na ndiko walikokuwa wakielekea Waislamu katika sala zao miezi 16 au 17 baada ya kuhamia Madina, kabla ya kuamrishwa kuielekea Al-Kaaba. Mji huo huo Manasara huuita Yerusalemu. Na mara nyingi hutokea majadiliano barazani na sokoni baina ya Waislamu na wahubiri wao, huyu akatoa aya na yule akatoa aya, na aghlabu ya wasemao hawakupata kuchungua jina hilo lina maana gani katika vitabu vyenyewe. Na kumjibu mtu kwa neno asilolikusudia ni dhuluma, ijapokuwa mtu huyo anakhalifu dini. Qurani imeamrisha kujadiliana na watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora, na njia iliyo bora haiwi kwa ujinga.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba wanavyuoni wa lugha wamesema: neno hutumika ama kwa hakika ama kwa majazi. Asemaye "simba" akamkusudia mnyama, amesema kwa hakika. Na asemaye "simba" akamkusudia mtu shujaa, amesema kwa majazi. Basi jina la Yerusalemu katika vitabu vya Manasara wa kwanza limetumika kwa njia zote mbili, na kosa kubwa la wengi, wao na sisi, ni kuyachukua majazi wakayafanya hakika.

Vitabu vyao vya Agano Jipya ni 27, navyo viliandikwa kwa Kiyunani. Vya kale kabisa katika hivyo ni nyaraka za Paulo, kadiri ya miaka ya 50 Miladi, na wakati huo Hekalu lilikuwa bado limesimama na makuhani wakichinja dhabihu humo kila siku. Ama Ufunuo wa Yohana, wengi wa wachunguzi huuweka mwisho wa karne ya kwanza. Na baina ya nyakati mbili hizo lilipita jambo zito: katika mwaka wa 70 Titus, mwana wa Kaisari Vespasian, aliuzunguka mji kwa majeshi ya Roma, akauvunja, na Hekalu likateketea kwa moto. Msomaji asiyeishika tarehe hii atasoma mahali mji unasifiwa, na mahali unalaumiwa, na mahali umepandishwa mbinguni, asijue sababu.

Hilo tamko lenyewe, "mji mtakatifu", halipatikani katika vitabu vyote hivyo ila mara sita tu: mara mbili katika Injili ya Matayo, mlango wa 4 na wa 27, na mara nne katika Ufunuo, mlango wa 11, wa 21 na wa 22. Luka anakisimulia kisa kile kile cha Sheitani kumpeleka Nabii Isa (a.s.) juu ya paa la Hekalu, na mahali alipoandika Matayo "mji mtakatifu" yeye ameandika Yerusalemu basi. Na Matayo huyo huyo aliyeuita mtakatifu ndiye anayesimulia, katika mlango wa 23, kilio cha Nabii Isa juu yake kwa kuwa unawaua manabii na kuwapiga mawe waliotumwa kwake. Basi utakatifu kwake ni kwa sababu ya Nyumba ya Mungu iliyomo, si kwa sababu ya matendo ya wakaao.

Kuna na jambo la lugha hapa. Kiyunani cha vitabu hivyo kina majina mawili ya mji mmoja: Hierosolima, nalo ndilo jina la watu wa serikali na wasafiri, na Hierusalemu, lililo karibu na matamko ya Kiebrania. Matayo hutumia la kwanza mahali pote isipokuwa katika kilio kile. Na Paulo katika waraka wake kwa Wagalatia, anapoeleza safari zake, hutumia la kwanza, na anapoingia katika majazi hutumia la pili. Wala hii si kanuni isiyovunjika, kwani katika waraka kwa Warumi ametumia la pili kwa mji wa mawe na udongo. Lakini yafaa kujulikana.

Ama mji wa hakika, hapana aliyeutukuza kama Luka. Injili yake yaanza Hekaluni, kwa Nabii Zakaria (a.s.) akifukiza uvumba, na yaishia Hekaluni, na kitabu chake cha pili, Matendo ya Mitume, chaanza Yerusalemu na chaishia Roma. Naye ndiye aliyehadithia ya kuwa Nabii Isa alipoukaribia mji akauona, aliulilia. Paulo naye alikusanya sadaka katika makanisa ya Wayunani akaipeleka kwa maskini wa Yerusalemu, na huko Hekaluni ndiko alikokamatwa. Katika Injili ya Yohana, mlango wa 4, mwanamke wa Kisamaria auliza ibada ni juu ya mlima wao, nao ni Gerizimu, au ni Yerusalemu. Akajibiwa ya kuwa saa yaja ambapo haitakuwa huku wala kule. Jawabu hii ndiyo mlango wa yote yatakayokuja. Tangu hapo mtu hapati katika vitabu hivyo amri yoyote ya kuelekea Yerusalemu katika sala, wala ya kuhiji huko.

Sasa tufike katika maneno yanayoleta ugomvi zaidi. Katika waraka kwa Wagalatia, mlango wa 4, Paulo amewataja wake wawili wa Nabii Ibrahimu (a.s.), mmoja mtumwa na mmoja muungwana, kisha akasema ya kuwa Hajar ni mlima Sinai ulio Arabuni, naye amefanana na Yerusalemu ya sasa, iliyo utumwani pamoja na watoto wake, na Yerusalemu ya juu ndiyo muungwana, nayo ndiyo mama yao. Wahubiri wengine huyachukua maneno haya wakamwambia Mwislamu: "Nyinyi ni wana wa mjakazi, na Kitabu kimekwisha kuwahukumu." Na Mwislamu kijana hughadhibika, akajibu kwa matusi, na elimu ikapotea baina yao.

Lau wangalisoma kwa utulivu wangaliona mambo yasiyofichika. Kwanza, Paulo mwenyewe ametamka ya kuwa mambo haya ni mfano. Amekiri kuwa ni majazi, basi atakayeyafanya nasaba amemkhalifu Paulo kabla ya kumkhalifu Mwislamu. Tena, mfano huo hakuupiga juu ya Waarabu wala juu ya Makka. Ameupiga juu ya Yerusalemu! Mayahudi walikuwa wakijifakhari kwa Sara, naye akawageuzia, akawaambia ya kuwa mji wao uliosimama ndio Hajar. Na sababu yake yajulikana: walikuwako watu waliowaendea Wagalatia wakawashurutisha kutahiriwa na kushika Sharia ya Musa, na Paulo akataka kuwazuia. Ugomvi huo ulikuwa nyumbani mwao, kadiri ya miaka 560 kabla ya Qurani kushuka. Na yafaa kuangaliwa ya kwamba aliyasema haya na Hekalu limesimama. Basi kuuhamisha mji kwenda mbinguni hakukuanza kwa majonzi ya kuvunjwa kwake, bali kulitangulia.

Ama Bibi Hajar, heshima yake katika Uislamu haingojei kutetewa na mtu. Mbio zake baina ya Safa na Marwa, akimtafutia maji mwanawe Ismaili, zimefanywa ibada, na sa'ayi katika madhehebu ya Imamu Shafi'i ni nguzo ya Hija, haitimii Hija ya sultani wala ya maskini bila ya kufuata nyayo za mwanamke huyo. Na maji ya Zamzam yangali yakinywewa. Neno la kuwa alikuwa mtumwa si aibu kwa dini yetu. Na hili lisisemwe kwa mhubiri tu. Utumwa ulivunjwa kwa kanuni Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Mombasa mwaka 1907, na wako mpaka leo Waislamu wenye kutukanana kwa asili ya bibi zao na kukataana katika ndoa kwa neno hilo, kisha wakaghadhibika mhubiri anapowatukana kwa hilo hilo. Huyo amewashika kwa kamba waliyoisokota wenyewe.

Mahali hapo hapo Paulo ameleta hoja kwa aya ya Nabii Isaya, mlango wa 54, inayomwambia mwanamke tasa afurahi kwa kuwa watoto wake watakuwa wengi, naye ameifasiri kwa Yerusalemu ya juu. Na katika wanavyuoni wa Kiislamu wako walioifasiri aya hiyo hiyo kwa Makka, na miongoni mwao ni Ibn Qayyim katika kitabu chake Hidayatul Hayara. Maneno ya Isaya, kwa siaka yake, yanauliwaza mji wa Sayuni uliokuwa umeharibiwa na watu wake kuchukuliwa Babeli. Kwa hivyo anayejadiliana asiifanye aya hii kuwa hoja ya kukata. Atajibiwa kwa yaliyo kabla yake na baada yake, naye atanyamaza.

Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12 na wa 13, umefuata njia ya Yerusalemu ya mbinguni, ukasema ya kuwa waumini wao hawana hapa duniani mji wa kudumu. Lakini aliyeifikisha maana hii mwisho wake ni mwenye Ufunuo. Huyu katika mlango wa 11 asema mji mtakatifu utakanyagwa na mataifa miezi 42. Na baada ya aya chache autaja mji mkubwa alimosulubiwa bwana wao, kama waitakidivyo wao, akasema ya kuwa kwa njia ya roho waitwa Sodoma na Misri. Kisha katika mlango wa 21 aona Yerusalemu mpya ikishuka kutoka mbinguni, imepambwa kama bibi arusi. Urefu wake na upana wake na kimo chake ni sawasawa, stadia 12,000, nazo ni kadiri ya kilomita 2,200, na ukuta wake ni dhiraa 144. Ina milango 12, imeandikwa majina ya kabila 12 za Wana wa Israili, na misingi 12, imeandikwa majina ya hawariyuna 12.

Mwenye akili hauchukui mji wa kimo cha kilomita 2,200 kwa dhahiri yake. Siri yake ni hii: katika Hekalu la Nabii Suleimani (a.s.) kilikuwako chumba cha ndani, Patakatifu pa Patakatifu, na Kitabu cha Wafalme chasema urefu wake na upana wake na kimo chake ni dhiraa 20 kila upande. Hakikuingiwa ila na kuhani mkuu, mara moja kwa mwaka. Basi mji mpya umepewa umbo la chumba kile: mji mzima umekuwa chumba hicho, na watu wote wa humo ni kama kuhani mkuu. Kwa sababu hiyo mwenye Ufunuo asema waziwazi ya kuwa hakuona Hekalu ndani yake.

Wako waliosema ya kuwa mji huu wa pande zilizo sawa ni Al-Kaaba. Hoja hii ni dhaifu, na heri kuiacha. Majina yaliyo juu ya milango yake na misingi yake yanaikataa, na Nyumba ya Mungu haina haja ya ushahidi wa kuazima.

Jambo lililobaki ni kuangalia Manasara waliyafanyaje maana haya. Kaisari Hadrian alijenga mahali pale mji wa Kirumi akauita Aelia Capitolina, na baada ya vita vya mwaka 132 hata 135 Mayahudi wakakatazwa kuuingia. Na katika Aelia ndipo Waarabu walipopata jina la Iliya. Kisha Kaisari Constantine akajenga kanisa kubwa juu ya mahali waitakidipo kuwa ni kaburi la Nabii Isa, likafunguliwa mwaka 335. Tangu hapo mji wa duniani ukarudi kuwa na nguvu juu ya mji wa mbinguni, wahujaji wakaja kutoka kila upande, hata yakafika majeshi ya Wafaranki, wakautwaa kwa upanga Julai 1099, wakawaua Waislamu na Mayahudi waliokuwamo. Waliofanya hayo walikuwa wakiusoma ule ule Waraka kwa Waebrania.

Lakini kiwanja cha Hekalu lenyewe Manasara walikiacha mahame kwa karne nyingi, kwani Hekalu katika vitabu vyao halikuwa na kazi tena, na kuvunjika kwake walikufanya dalili. Sayidna Umar (r.a.) alipoingia Iliya, katika mwaka wa 16 au 17 wa Hijra kwa khitilafu za wanataarikhi, alipakuta pana taka, akapasafisha. Imam Ahmad amepokea katika Musnad yake ya kuwa Umar alimuuliza Kaab al-Ahbar wapi asali. Kaab akamshauri asali nyuma ya mwamba, apate kuuweka mbele yake. Umar akakataa, akasogea mbele upande wa kibla, mwamba ukawa nyuma yake, akasali.