Menyu ya Tovuti Ianze na Aliyeingia

Mzazi anayefungua tovuti ya shule saa nne usiku hana haja na dira na dhima. Mwanawe amepangiwa kidato cha tano. Anataka fomu ya kujiunga, ada na tarehe ya kuripoti. Menyu inamwonyesha Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Taaluma, Machapisho. Fomu imo ndani ya Machapisho, maana ndivyo ofisi ilivyojigawa.

Kabla ya kumwita fundi, kaa na anayepokea simu pale ofisini. Anayoulizwa kutwa ndiyo menyu yako. Andika kila swali kwenye kikaratasi, kwa maneno yale yale ya wapigaji, kisha waite wazazi watano au sita wapange vikaratasi hivyo katika mafungu na kuyapa majina. Usiwasaidie. Wakibishana kama orodha ya sare iende kwenye Ada au kwenye Mahitaji, ujue na wageni wa tovuti watagawanyika hivyo hivyo. Weka kiungo kote kuwili. Ukishapata mpangilio, mpe mtu ambaye hakuwapo. Mwambie atafute sare, nawe utazame kidole chake kinaanzia wapi.

Majina yaseme kilichomo. “Ada na Malipo” linaeleweka, “Taaluma” linaweza kuwa chochote. Na “Mengineyo” lifute kabisa, hilo ni kapu la uvivu.

Wengi wataingia kwa simu. Ile alama ya mistari mitatu, aliyoichora Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya 1981, huokoa nafasi lakini huficha kila kitu. Viungo viwili vitatu vinavyotafutwa sana viache nje, vingine vitie humo, na kando ya alama andika “Menyu”. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unataka sehemu ya kubofya isipungue pikseli 24 kwa 24, isipokuwa katika hali chache. Kwa dole gumba la mtu mzima, mimi ningeweka 44. Menyu ndogo zinazofunguka kwa kupitisha mshale juu yake ziache, simu haina mshale.

Kuhusu ile kanuni kwamba kila kitu kipatikane kwa kubofya mara tatu tu, usihangaike nayo. Mtu atabofya hata mara tano akiona anakaribia. Kinachomkatisha tamaa ni kutojua alipo, hasa aliyetumiwa kiungo kwenye grupu la WhatsApp akatua katikati ya tovuti bila kupita ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa weka njia: Mwanzo > Wanafunzi Wapya > Fomu. Na pembeni ya faili la kupakua taja ukubwa wake, bando ni hela.

Tovuti ikishakuwa hewani, kila mwezi soma maneno yanayoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Neno “ada” likijirudia, basi kiungo cha ada hakionekani. Kipandishe juu.