Alteneta Ikirudi Kutoka kwa Fundi na Kukataa Kuingia

Ukifungua alteneta Kithimani ukaipandisha matatu hadi Thika ikafanyiwe ukarabati, fundi atakayeishika ataiona alteneta tu, gari haoni. Shida nyingi za kufunga huanzia hapo. Kabla hujaituma, chora alama moja inayopita kwenye vipande vyote viwili vya ganda, piga picha ya soketi ya nyaya, hesabu mifereji ya puli na utunze boliti zake.

Ikirudi, ng'oa kwanza waya hasi wa betri. Kisha jaribu kuiingiza kwa mkono. Ikigoma, weka nyundo chini na utafute inakogomea.

Masikio ya kufungia alteneta hayaelekei boliti, au soketi imetazama injini. Ganda limefungwa likiwa limezungushwa. Toa boliti ndefu zinazoshika vipande viwili, zungusha kipande cha mbele hadi alama zikutane, kisha zirudishe na ukaze. Usivitenganishe sana, maana brashi za kaboni zitaruka nje. Zikiruka, zirudishe ndani na uzizuie kwa waya mwembamba kupitia tundu dogo la nyuma, kama lipo. Ukishafunga, vuta waya huo utoke.

Sikio halipiti kwenye braketi. Alteneta nyingi zina bushi ya chuma ndani ya sikio moja, inayosogea boliti inapokazwa ili kubana braketi. Ikibaki pale ilipobanwa, nafasi huwa finyu. Irudishe nyuma milimita moja au mbili: tumia boliti, nati na kipande cha bomba kinachoizidi bushi kwa upana, ukaze polepole hadi isogee. Usipige sikio nyundo wala usilipige tupa; ni aluminiamu, huvunjika.

Mkanda unakwenda upande. Hesabu mifereji upya, kwa kuwa puli huenda ilibadilishwa. Ikiwa ni ileile, weka rula ndefu kwenye uso wa puli ya krenki na uso wa puli ya alteneta, mradi zote mbili zina ukingo wa aina moja. Puli ikiwa imeingia ndani au imetokeza, angalia kama washa ya nyuma yake ilipotea au iliongezwa. Kujaza washa kati ya sikio na braketi si dawa: alteneta hukaa kombo na beringi hufa mapema.

Mkanda haufiki, au hauna pa kukazia. Linganisha ganda na picha yako. Huenda umerudishiwa alteneta ya gari jingine. Usinunue mkanda mrefu kuficha kosa hilo; irudishe.

Kila kitu kikikaa, kwangua rangi mpya, kama ilipakwa, kwenye masikio ili chuma kiguse chuma, kwani umeme hasi hupita hapo. Hakikisha waya mnene wa betri haugusi ganda. Rudisha waya wa betri, washa injini na upime kwenye betri: gari nyingi za volti 12 husoma kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12, alteneta haichaji.

Na mtu akikuambia ung'oe waya wa betri injini ikinguruma ili kujua kama inachaji, kataa. Volti hupanda ghafla na huweza kuchoma dayodi za alteneta, pengine na kompyuta ya gari pia. Nunua mita ndogo. Ni nafuu kuliko kuituma alteneta Thika mara ya pili.