Mwili usipotambulika kwa sura, nani atoe sampuli?

Miili iliyofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilipita 400, na mingi ilikuwa imeharibika kiasi kwamba hata mama asingemjua mwanawe. Kilichobaki ni vinasaba. Familia za kwanza zilikabidhiwa maiti Machi 2024. Kasi ya maabara haiko mikononi mwa ndugu, lakini kumchagua wa kwenda kutoa sampuli ni kazi yao.

Joto, unyevu na bakteria hukatakata vinasaba. Alama zinazopimwa kila siku maabara huhitaji vipande vya jozi 100 hadi 450 hivi za herufi, na mfupa uliochakaa mara nyingi hauna virefu hivyo. Ni kanga iliyochanikachanika: msemo hausomeki, ila ua dogo bado lipo zima. Mtaalamu basi hutafuta hayo maua, yaani alama za herufi moja moja, zinazosomeka hata kwenye kipande kisichofika jozi 100. Kila moja husema machache, kwa hiyo hupimwa kwa makumi.

Ili alama hizo zilinganishwe na za ndugu wa karibu, waende wazazi wote wawili, au watoto wa marehemu pamoja na mzazi mwenzake. Kama hawapo, ndugu wa baba na mama mmoja, tena zaidi ya mmoja. Shangazi asitangulizwe eti kwa kuwa ndiye aliyelipa nauli.

Vipande vikiwa vibovu zaidi, hutumika vinasaba vya mitokondria, ambavyo seli moja huwa na nakala mamia na ambavyo mtu hurithi kwa mama tu. Hapo mama mdogo anafaa, mjomba anafaa. Watoto wa mjomba hawafai, na baba mzazi hafai. Prince Philip wa Uingereza alitoa damu iliyosaidia kumtambua Alexandra, malkia wa Urusi aliyeuawa 1918, kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa dada wa Alexandra.

Mswaki au wembe wa marehemu nao una thamani, mradi hakuutumia na mwingine. Usiuoshe. Uache ukauke, kisha utie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu na kuleta ukungu.

La mwisho ni zito. Kama marehemu alilelewa tu, au baba anayejulikana siye aliyemzaa, mmoja wenu amwambie mchukua sampuli faraghani. Mkinyamaza, maabara inaweza kuukataa mwili ambao kweli ni wenu.