Saa Moja Kabla ya Komunyo

Zamani Mkristo aliyetaka kupokea Komunyo alifunga tangu usiku wa manane. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliupunguza mfungo huo ukawa saa 3 kwa chakula; mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa 1, na ndivyo ulivyo hata leo. Maji na dawa haviuvunji. Wagonjwa na wazee wamesamehewa.

Je, Kanisa limetupunguzia na matayarisho? Hasha! Limetupunguzia njaa tu. Wengi wetu huku Temeke na Kinondoni saa hiyo huipitisha njiani. Tumbo limefunga, moyo je? Labda mpangaji wa chumba cha pili hatujamsalimu tangu tulipogombana juu ya kuchangia umeme. Bwana wetu alifundisha kwamba kupatana na ndugu hutangulia sadaka.

Basi, dhambi ya mauti na ipelekwe kwanza kitubioni. Nanyi, baba na mama, Jumapili kabla hamjatoka, bisheni hodi kwa jirani huyo, watoto wakiona. Akikataa amani, mwombeeni katika Misa.