Somo: Hatua ya Pili ya Kupona

Soma kwanza Marko 5:35–43.

Wengi wetu twaijua habari ya binti Yairo, nasi huishia pale alipoinuka. Lakini baada ya hapo lipo agizo moja dogo: Bwana aliwataka watu wa nyumbani wamlishe mtoto. Uhai ulikuwa umerudi. Nguvu zilikuwa bado, na kazi ya kuzirudisha iliachwa mikononi mwao. Katika somo hili na tuitazame kazi hiyo, kwa ajili ya ndugu zetu waliomaliza matibabu ya saratani.

Mgonjwa atokaye Ubaruku kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri kama kilometa 700, na matibabu ya mionzi huweza kumweka huko majuma kadhaa. Arudipo, usharika humpokea kwa shangwe, na ndivyo ipasavyo. Lakini msimu wa mpunga ukifika hutazamiwa kuinama majarubani kama zamani. Ashindwapo, husemwa kuwa ni mvivu, au kwamba imani yake ni haba. Maneno hayo yaumiza, tena si ya kweli. Basi na tujifunze mambo matano.

1. Uchovu. Dawa za saratani na mionzi huacha uchovu usioondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Huweza kudumu miezi mingi. Hata hivyo kulala mchana kutwa huzidi kuudhoofisha mwili. Dawa yake iliyo bora ni kutembea: dakika 10 kwanza, kisha kuongeza kidogo kidogo hata zifike 30, siku 5 za juma. Kazi nzito zigawanywe, na mapumziko yawe katikati.

2. Mkono na vidole. Mama aliyepasuliwa titi na kuondolewa tezi za kwapani aweza kuvimba mkono wa upande ule, hata baada ya miaka. Asiache kuutumia, ila auzoeshe polepole, na aulinde na majeraha ya mundu na jembe. Ukiwa mwekundu na wa moto, aende zahanati siku ile ile. Dawa nyingine huleta ganzi vidoleni. Mwenye ganzi asiguse sufuria ya moto wala asitembee pekupeku, kwa maana huweza kuumia asijue.

3. Chakula. Usangu tunao wali mwingi, lakini wali peke yake haujengi mwili. Uandamane na maharage, samaki, mayai au maziwa, pamoja na mboga za majani na matunda. Tumbaku iachwe kabisa, na pombe pia. Naye atumiaye miti shamba amwambie daktari.

4. Mambo ya ndoa. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi huweza kukomesha hedhi na uzazi, na kufanya tendo la ndoa kuwa la maumivu. Wanawake wengi hunyamaza kwa haya, na waume hudhani wamechukiwa. Msaada upo: mama amweleze daktari au muuguzi, na mume aende pamoja naye, asikie kwa masikio yake.

5. Kurudi kwa daktari. Hapa ndipo wengi huanguka. Mtu huona amepona, au huambiwa kwamba kurudi hospitali ni kumshuku Mungu. Lakini yule mwenye ukoma katika Marko 1:40–44, ijapokuwa alikuwa ametakasika, alitumwa akajionyeshe kwa kuhani, kwa kuwa makuhani ndio waliokuwa wakikagua ugonjwa huo. Saratani huweza kurudi kimya, na ikionekana mapema mara nyingi hutibika vema zaidi. Miaka ya kwanza miadi huwa ya karibu, kisha hupishana kwa muda mrefu zaidi. Lakini akiona damu isiyo ya kawaida, uvimbe mpya, kukonda au maumivu yasiyokoma, asingoje tarehe. Na vyeti vyake avihifadhi mahali pasipovuja mvua.

Enyi wainjilisti na wazee wa kanisa, mara nyingi sisi huchanga nauli ya safari ya kwanza, kisha tukasahau ya pili na ya tatu. Nauli ya kurudi kukaguliwa nayo ni sadaka. Palizi ya shamba lake ni sadaka. Hata kuketi naye usiku wa kuamkia safari ni sadaka, kwa maana hofu humjia kila akohoapo, na hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa, bali kwa kusikilizwa.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Ni nani katika mtaa wetu amemaliza matibabu, na shamba lake lina hali gani?
2. Miadi yake ijayo ni lini, na nauli itatoka wapi?
3. Ni maneno gani tuliyozoea kumwambia ambayo yatupasa kuyaacha?